Mwaridi Unaopanda Ukuta wa Dodoma

Mtu akijenga Dodoma siku hizi, nyumba ikiwa bado haijapigwa plasta, ukuta wa uzio umeshasimama. Kinachofuata ni kujiuliza mmea gani utambae juu yake. Wengi hupanda bogenvilia, na wana haki: haidai maji, haidai mbolea, haisusi. Lakini wapo wanaotaka rozi. Wakiuliza kitaluni hujibiwa haraka kwamba rozi ni ua la Lushoto na Arusha, ua la baridi na ukungu, na kwamba Dodoma litakufa kwa kiu. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi hata nikaliamini kwa miaka kadhaa. Sasa naona lina kosa, na kosa lenyewe si dogo. Linachanganya ukavu wa hewa, ukavu wa udongo na kukosekana kwa majira ya baridi kana kwamba ni shida moja, ilhali mwaridi hulipokea kila jambo kwa namna yake. La kwanza hulipenda. La pili linatibika kwa jasho na madumu. La tatu ndilo lenye utata, na karibu hakuna anayelizungumzia.

Tuanze na mahali penyewe. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo. Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, na Julai usiku huteremka hadi nyuzi 14 hivi, baridi ya kuvaa sweta lakini si ya kuua jani. Urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha mmea kuhisi kwamba mwaka umegeuka.

Sasa linganisha na Dar es Salaam. Nenda bustani yoyote ya pwani yenye rozi, uangalie majani ya chini. Utakuta madoa meusi yenye kingo za kuchanika-chanika, jani limegeuka manjano kulizunguka doa, na chini ya mti kuna zulia la majani yaliyodondoka. Ni ugonjwa wa ukungu, na mbegu zake haziwezi kuingia ndani ya jani mpaka jani likae na maji kwa saa nyingi mfululizo, kama saba hivi. Pwani jani hulala na umande na huamka na umande. Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, jani ni nadra kulowa isipokuwa mwenye bustani aliloweshe kwa mkono wake. Na hulilowesha kweli! Jioni, jua limepoa, mtu anashika mpira wa maji na kuupigia mti mzima mvua kuanzia kileleni, akidhani anauburudisha. Kumbe anaipeleka Dar es Salaam hadi chumbani kwa mwaridi. Mwagilia shinani, asubuhi, na ugonjwa huo hutauona mpaka mvua za Desemba.

Hewa kavu ina maradhi yake lakini. Ubwiri unga, ule unaowasumbua wakulima wa korosho kusini na wa zabibu hapa hapa, hauhitaji jani lililolowa. Hupenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu hewani, na hufuata vichipukizi laini. Ndiyo maana Ufaransa, katika mashamba ya zabibu ya Bordeaux, utakuta mwaridi umepandwa mwisho wa kila mstari, na mgeni huambiwa kwamba ua hilo ni mlinzi: huugua mapema, mkulima akajua. Hadithi tamu, ila kuvu wa ubwiri unga wa mwaridi na yule wa mzabibu ni wa jamii mbili tofauti, na mmoja hamwambukizi mwenzake. Kinachofanana ni hali ya hewa wanayoipenda. Adui mwingine ni utitiri wekundu, vidudu vidogo kama vumbi vinavyokaa chini ya jani na kulifyonza hadi ligeuke rangi ya shaba. Vinastawi kwa joto na vumbi, hasa Septemba hadi Novemba. Hapa ndipo mpira wa maji una kazi ya halali: mara moja kwa wiki, asubuhi na mapema, piga maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu ili uoshe tumbo la jani. Saa tatu jua litakuwa limeshalikausha.

Udongo ni suala la jasho. Shimo la sentimita 60 kila upande ndilo ninaloliona la kutosha. Ukichimba pungufu ya hapo kwenye udongo mwekundu wa vilima vya Dodoma, mizizi itazunguka shimoni kama kwenye ndoo. Samadi iliyooza vizuri ichukue theluthi moja ya kile unachorudisha. Matandazo ni lazima, lakini hapa tuna mchwa, na matandazo ya majani makavu kwa mchwa ni mwaliko wa harusi. Weka kokoto kiasi cha kiganja kuzunguka shina lenyewe, majani na maganda yaanzie mbali kidogo. Na usiweke majivu. Najua bibi zetu waliweka majivu kufukuza mchwa, na kwenye mahindi hayakuwa na neno, lakini maji ya visima vyetu tayari yana chumvi na magadi. Majivu yanaongeza magadi juu ya magadi, mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma, na utaona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, kama ramani ya mito. Mtu akiona umanjano huo hukimbilia mbolea ya dukani. Mti haujakosa chakula, umefungwa mdomo. Samadi zaidi, unga wa salfa kidogo, na maji ya mvua ukiyapata, ndivyo vinavyoufungua.

Kuhusu kumwagilia, mimi nimeishia kwenye mtungi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mdomo mwembamba, unafukiwa nusu mita kutoka shinani hadi shingo tu ibaki nje. Unaujaza, unafunika kwa kigae. Maji hupenya ukuta wa mtungi polepole kadiri udongo unavyoyavuta, na mizizi hujikusanya kuuzunguka. Siku moja nilifukua mtungi uliokuwa umepasuka nikakuta umevikwa vinyuzinyuzi vyeupe kama soksi. Umwagiliaji wa matone ni mzuri vilevile, ila kwa maji yenye chumvi vitundu huziba, na ukisafiri wiki moja unarudi kukuta mti mmoja umekunywa na mwenzake hakupata kitu.

Sasa tuje kwenye utata. Mwaridi wa nchi za baridi una usingizi. Majani hupukutika, mti unalala miezi kadhaa, na ile baridi yenyewe ndiyo inayouambia kwamba ukiamka utoe maua. Watu wa pwani wanayajua marashi ya Oman, yale yanayomiminwa kwenye mrashi na kunyunyiziwa wageni kwenye maulidi na harusini. Waridi lake hulimwa kwenye matuta ya Jebel Akhdar, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na huvunwa mara moja tu kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, baada ya majira ya baridi ya mlimani. Mtu akifikiri kwamba kwa kuwa Oman ni jangwa basi waridi lake litaifaa Dodoma, atapata kichaka cha majani. Joto na ukavu vinafanana, lakini baridi ya mlima ule hatuna.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Tombstone, mji mdogo wa Arizona, Marekani. Huko kuna mwaridi mweupe wa Kichina, Lady Banks, uliopandwa mwaka 1885 kutokana na vipandikizi vilivyotumwa kutoka Uskoti. Leo umetandaa juu ya uchanja wa nguzo na mabomba ukafunika eneo la zaidi ya mita za mraba 700, na unatajwa kuwa ndio mkubwa kuliko yote duniani. Watu huuonyesha kama ushahidi kwamba mwaridi wa kupanda unalimudu jangwa. Kweli unalimudu. Lakini Tombstone ina majira ya baridi yenye usiku wa kuganda maji, na mti huo huchanua mara moja, wakati baridi inapokwisha. Anayenakili Arizona bila kusoma kalenda yake ameiga nusu ya somo.

Kwa nini basi kuna miwaridi inayochanua mwaka mzima bila kuhitaji baridi? Asili yake ni China, na siri yake ilifafanuliwa vizuri mwaka 2012, watafiti wa Ufaransa na Japani walipochapisha kazi yao kuhusu jeni iitwayo KSN. Jeni hiyo ni breki. Ikifanya kazi, inauzuia mti kutoa maua na kuuacha urefushe matawi. Katika waridi la Kichina breki hiyo iliharibika: kipande cha vinasaba kilijipenyeza katikati yake kikaivunja. Matokeo ni kwamba kila chipukizi likikua kidogo tu linamalizikia kwenye ua, na mti unabaki mfupi, wa kufika kiunoni. Breki ikirudi kidogo, kama inavyotokea mara mojamoja kwenye tawi moja la kichaka, tawi hilo hufyatuka na kupanda juu. Hivyo ndivyo miwaridi mingi ya kupanda ilivyozaliwa kutoka kwenye ile mifupi. Maana yake kwa mwenye ukuta ni hii: urefu na maua ni mahasimu ndani ya mti mmoja. Anayeuza mche na kuapa kwamba utafika mita sita na kuchanua kila mwezi, anauza ndoto. Unachotafuta ni mapatano, mti wa mita tatu au nne hivi ambao breki yake inashika na kuachia.

Mapatano mazuri ya kwanza yalipatikana kwenye joto, si kwenye baridi. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Charleston, South Carolina, mkulima wa mpunga aitwaye John Champneys alipata mti uliotokana na waridi la Kichina na waridi la miski. Kutoka kwake kikatokea kizazi kilichopewa jina la akina Noisette, jamaa waliokiendeleza: miti inayopanda, inayorudia maua, yenye harufu, na inayougua baridi kuliko jua. Lamarque wa mwaka 1830, Maréchal Niel wa 1864 na Crépuscule wa 1904 ni wa ukoo huo. Bustani za Ulaya ya kaskazini ziliifungia baadhi yake ndani ya nyumba za vioo. Kwetu nje panatosha. Karne iliyofuata, huko Bulla karibu na Melbourne, Alister Clark alichanganya waridi kubwa la misitu ya Burma na yale yenye damu ya Kichina ili Waaustralia wapate miti isiyolala kabisa. Lorraine Lee wa 1924 na Nancy Hayward wa 1937 ni kazi yake. Nikiwa na uhuru wa kuchagua, ningeanzia kwa hao. Aliye wa kawaida zaidi, na anayepatikana kwa urahisi zaidi, ni Iceberg mweupe wa kupanda, aliyechipuka mwaka 1968 kutoka kwenye kichaka cha Kordes wa Ujerumani. Hana harufu ya kusifia, ila weupe wake unavumilia jua la Oktoba, ambapo mekundu ya kukoza huungua kingo kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.

Afrika nayo ina waridi lake, jambo ambalo huwashangaza wengi. Rosa abyssinica, ua jeupe la miiba mikali, hutambaa kwenye vichaka vya nyanda za juu za Ethiopia na ng'ambo ya Bahari ya Shamu hadi Yemen. Ndilo waridi pekee la asili kusini mwa Sahara. Sijaona mtu yeyote hapa akilijaribu ukutani, na ningependa kuona.

Vitaluni kwetu majina hayo yote hayana maana. Utaambiwa kuna rozi nyekundu, rozi nyeupe na rozi ya rangi mbili. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mche kando ya barabara, nikaambiwa ni mwekundu wa kupanda. Ulipanda kweli: miezi minane umefika juu ya ukuta, matawi ya kijani kibichi, ua hakuna. Mwaka wa pili, hakuna. Nikachimba shinani kumtafuta mchawi nikamkuta. Mche ulikuwa wa kubebeshwa, yaani ua zuri limeunganishwa juu ya shina la mwitu lenye mizizi imara, kama tufanyavyo kwenye maembe. Sehemu ya juu ilikuwa imekufa zamani, kisiki chake kikavu kama kidole bado kipo, na matawi yote niliyoyafunga kwa upendo yalitoka chini ya kiungo. Nilikuwa nimelea shina la mwitu. Tangu hapo, nikinunua mche, kwanza natafuta lile fundo la kiungo na kuhakikisha kila tawi lililo hai limetoka juu yake. Kwa yeyote mwenye jirani mwenye mti mzuri, napendekeza kipandikizi kabla ya kitalu: kijiti cha urefu wa penseli, kilichokatwa Juni, mchanga mbichi, kivuli. Mti wa mizizi yake wenyewe hauna wa mwitu wa kuugeuka.

Lililobaki ni usingizi, na hapa Dodoma ina mwalimu ambaye miji mingine haina. Mizabibu ni mimea ya baridi vilevile. Ulaya hulala, huamka, huvunwa mara moja. Hapa, kuanzia Makutupora hadi Hombolo, huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mkulima amejifunza kuulaza mti kwa mkono. Baada ya mavuno anaunyima maji, majani yanachoka, kisha anakata matawi hadi yabaki vijiti vya macho mawili au matatu, anarudisha maji, na mti unaamka ukidhani majira yamebadilika. Mwaridi wa kupanda unataka jambo hilo hilo, karibu bila kubadilisha neno. Shina kuu na mikono yake mirefu haviguswi. Vinavyokatwa ni vitawi vya pembeni vilivyokwisha kutoa maua, hadi macho mawili au matatu. Mimi hupunguza maji kuanzia katikati ya Juni, wiki nne au tano, baridi ya usiku inisaidie. Mwishoni mwa Julai nakata, nanyofoa majani yote ya zamani yaliyobaki pamoja na utitiri wake, naweka samadi, nafungulia maji. Wiki saba baadaye ukuta umejaa. Wenye mashamba ya Naivasha hufanya hesabu ya aina hiyo kila mwaka: wanaanza na Februari 14 na kurudi nyuma hadi Desemba kujua siku ya kukata.

Ila kabla ya kukata kuna kukunja, na hili ndilo watu hulikosea zaidi. Mwaridi kwa kweli haupandi. Hauna vikono vya kujisokota kama mzabibu wala mizizi ya kujibandika ukutani. Una miiba tu ya kuning'inia kwenye miti mingine. Lugha yetu inatutania: umeshaupanda ardhini, bado utahitaji kuupandisha. Na ukiuacha uende wima, jicho la kileleni litatuma amri kwa macho yote ya chini yasichipue, na utapata mashina marefu uchi yenye kishada kimoja angani, maua ya kumfurahisha jirani. Tawi likilazwa, amri hiyo hudhoofika, na kila jicho hujiona liko kileleni. Kwa hiyo: nguzo za bomba la chuma, maana za mti mchwa watazila, na nyaya nne zilizoachana sentimita 40, zikae sentimita 20 mbele ya ukuta ili hewa ipite. Ukuta unaoangalia mashariki ni bora. Ule wa magharibi hubaki na joto mpaka saa tatu usiku na kuyaoka maua kwa nyuma. Shika tawi changa, la mwaka huu, lisilokomaa gome. Usilikunje kwa mara moja. Lishushe leo kiasi cha mkono wa saa kutoka saa sita hadi saa nane, lifunge kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, kwa fundo legevu linaloingiza kidole. Rudi baada ya wiki, lishushe hadi karibu saa tisa. Utasikia sauti ndogo ya nyuzi zikijinyoosha ndani. Ukisikia kitu kama kijiti cha kiberiti kikivunjika, umekwenda mbali. Mwezi mmoja baadaye, kwenye tawi lile lililolala, utahesabu vichipukizi vyekundu vimesimama wima kimoja kimoja kama vifaranga waya mzima.

Limebaki la maji, na hapa wapinzani wa rozi wana hoja ya kweli. Mti mkubwa Oktoba unakunywa madumu mawili kwa wiki, lita 40, hata kwa mtungi. Katika mji ambao bomba hutoka kwa ratiba, na wapo majirani wanaonunua dumu kwa mkokoteni, mtu anaweza kuuliza kwa haki lita hizo zinakwenda wapi. Miti sita ukutani ni lita 240. Mimi nimebaki na miwili. Mmoja unakunywa maji ya kisima, na wa pili unakunywa maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na povu, kwa sababu sabuni ya unga nayo ina magadi. Huu wa pili una umanjano kidogo kwenye majani ya juu na huchelewa mwenzake kwa siku kumi hivi. Agosti hii nimekata yote miwili siku moja, nikauongezea huu wa pili salfa vijiko vitatu, na sasa nasubiri kuona kama pengo litapungua.